Wifi Anamwulizia Begimai

Bishkek, 24 Agosti 1998

Mama mpendwa,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, ila Taalai ana mafua, na anayauguza kama mtu aliyeumwa na nyoka. Joto la mji halijapungua. Kwenye karakana tunashona sare za shule mpaka vidole vinakufa ganzi, maana kila mzazi amekumbuka wiki hii kwamba masomo yanaanza tarehe mosi. Miguu yako inaendeleaje? Ng'ombe mwekundu amezaa? Nisalimie na Bi Burul jirani yetu, mwambie dawa ya mgongo aliyoniagiza nimeipata.

Barua hii anakuletea Taalai mwenyewe, kwa kuwa namjua mwanao mbele ya mama yake mdomo wake huwa mzito. Mama, Begimai ametimiza miaka saba. Shule iko mtaa wa pili kutoka chumba chetu, na mwalimu nimeshaonana naye. Nimemshonea gauni la kahawia na aproni nyeupe, na riboni za nywele nimenunua. Nakuomba Taalai arudi naye. Mfungashie nguo za baridi tu, nyingine nitamshonea hapa.

Najua amezoea kulala ubavuni mwako tangu akiwa mchanga. Nimelifikiria sana hilo. Lakini ni mwanangu, na nataka nimpeleke shule kwa mkono wangu.

Mkamwana wako,
Asylkan


Kyzyl-Unkur, 7 Septemba 1998

Asylkan mwanangu,

Wa alaykum salaam. Ng'ombe amezaa dume, hasara tupu. Miguu yangu ipo, inanipeleka mtoni na kunirudisha, siidai zaidi ya hapo. Burul amepokea dawa na anakusalimu, ingawa salamu za Burul unazijua, zimejazwa umbeya kama sambusa ilivyojazwa boga. Tufaha mwaka huu zimezaa mpaka matawi yanaegemezwa miti.

Mumeo alifika salama. Alikula, akalala, akanitengenezea mlango wa zizi. Barua yako niliisoma mbele yake, kisha nikangoja aseme neno.

"Mama," akaanza, "Asylkan anasema..."

"Asylkan amesema, nimesoma. Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema chai imepoa."

Basi nikammiminia nyingine. Ameondoka na ndoo mbili za tufaha na mikate ya tanuri. Mtoto hakuondoka naye, nadhani hilo umeshaliona.

Usije ukasema nimemnyima mtu mtoto. Sufu ya vuli imekatwa, iko ghalani, na sufu ya vuli ndiyo ya mazulia, wewe mwenyewe unajua. Nitatengeneza mazulia mawili ya shirdak mwaka huu. Sasa nani atampanda punda wa kuivuta sufu siku ya kuiviringisha? Ni kazi ya Begimai kila mwaka, na punda yule hamtaki mtu mwingine. Halafu kabla ya sufu kuna kuokota jozi, kokwa zetu za msituni. Mwezi mzima kijiji kitahamia msituni, hata mwalimu mkuu atakuwa juu ya mti anatikisa matawi. Shule gani basi? Acha tuokote jozi ziishe, ndipo tuzungumze.

Begimai aliiona picha yako ya studio. Akaniuliza, "Huyu si wifi?" Nikamwambia ndiye. Akasema wifi ana viatu vizuri.

Neno la mwisho, na usilikasirikie. Una miaka ishirini na sita. Zaa mwingine. Mwanamke wa umri wako hatakiwi kukaa na mapaja matupu.

Mimi mama yenu,
Sonunbu


Bishkek, 21 Septemba 1998

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Tufaha zilifika, nimepika jemu, na mwenye nyumba nimempa chupa mbili ili anyamaze kuhusu kelele za cherehani. Taalai amepona mafua. Alipoingia mlangoni nilimwuliza, "Mtoto yuko wapi?" Akanionyesha ndoo. Tulikaa bila kusemezana mpaka Ijumaa.

Nimeambiwa na kijana mmoja wa huko aliyekuja mjini kwamba Begimai ameng'oka jino. Ni kweli? Ni lipi, la juu au la chini? Mlimpa mbwa kama desturi, likiwa limefungwa kwenye mafuta? Nani alilitupa? Niandikie hayo yote, hata kama kwako ni mambo madogo.

Mwalimu amekubali kumwekea nafasi mpaka likizo ya vuli. Gauni nimelitundika nyuma ya mlango. Mama, jozi zitaisha lini? Nitajie tarehe, nami sitauliza tena mpaka ifike.

Taalai naye hanisaidii. Nikimwambia amwandikie mama yake, anasema mimi ndiye mwenye maneno. Nikimwuliza anataka nini, anawasha redio.

Kuhusu hilo la kuzaa mwingine, nakuomba tusiandikiane.

Asylkan


Msituni, 9 Oktoba 1998

Mwanangu,

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia, kwa hiyo usicheke mwandiko. Tuko hemani, mahali petu pale pale juu ya kijito. Mvua ilitunyeshea siku mbili, sasa jua limetoka na majani ni ya njano tupu. Mwaka huu jozi ni nyingi mpaka zinatupiga vichwani tukiwa tunakunywa chai. Wanaume wanapanda na kutikisa, sisi tunaokota na kumenya maganda mabichi. Mikono ya Begimai imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, na rangi ile unaijua, haitoki kwa sabuni wala kwa dua. Jana nilipika pilau, akaila kwa mikono hiyo hiyo. Muuza mikate hupanda kwa farasi kila asubuhi, naye hukubali kulipwa jozi, kwa hiyo binti huyu hujinunulia peremende kwa jozi za kwangu na kudhani mimi sioni.

Jino lilikuwa la chini, la mbele. Lilitoka kwenye tufaha. Nililifunga kwenye mafuta ya kondoo, yeye mwenyewe akamtupia mbwa, akamwambia, "Chukua bovu, nipe zuri." Mbwa alimeza. Umeridhika?

Tarehe siwezi kukutajia. Jozi hazina kalenda. Zikiisha kuna sufu, na sufu ikishakuwa zulia kuna kukata na kushona. Mazulia yetu hukatwa mawili kwa mpigo, rangi moja juu ya nyingine, nami nahitaji mtu wa kunishikia yasisogee kisu kikipita. Mikono ya Burul inatetemeka. Ya Begimai haitetemeki.

Sasa nami niseme langu, maana naona unaniandikia kama mtu anayedai. Mtoto wa kwanza ni wa mkono wa bibi. Hilo sikulianzisha mimi. Binti yangu wa kwanza, Ainash, alichukuliwa na mavyaa yangu akiwa na siku arobaini, akamlea kama mwanawe. Sikuulizwa. Mpaka leo tukikutana kwenye harusi au matanga ananiita wifi, ananipa kiti, ananimiminia chai kama mgeni wa heshima. Je, nilikufa? Sikufa. Nilizaa wengine, na huyo mumeo ndiye kitinda mimba. Nikangoja zamu yangu. Na zamu yangu ilipofika, wewe mwenyewe uliniwekea mtoto mikononi, hakuna aliyekunyang'anya. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nimelea.

Nawe fanya kama nilivyofanya mimi. Zaa mwingine, umlee wa kwako. Nimelirudia kwa sababu hukunijibu.

Sonunbu


Bishkek, 27 Oktoba 1998

Mama,

Salamu. Taalai hajambo. Mimi sijambo.

Bi Burul alifika juzi na gunia la jozi kwa ajili ya binti yake, akapitia kwetu. Alinitazama tangu juu mpaka chini. "We mkamwana, mbona umekonda hivi? Au mjini chakula hugawiwa kwa kijiko?" Nikamkaribisha, nikamwekea chai na jemu. Akapiga soga, jozi, mvua, mkwewe asiyefanya kazi. Halafu akaliona gauni nyuma ya mlango.

"La nani hili?"

"La Begimai. La shule."

"Aa, litambana kifua. Yule sasa amenenepa. Na vile anavyojua kusoma, we! Tangu Septemba amekalia dawati la mbele, anasoma kila kibao cha duka kwa sauti, hata bei za kileo. Wanywaji wa kijiji hawana siri tena."

Nikalishika pindo la gauni. Burul si mjinga, aliona. Akaweka kikombe chini. "Kwani hawakukwambia?" Kisha akasema basi lake linaondoka, na halikuwa linaondoka.

Kwa hiyo shule ipo, Mama. Ulinijibu kuhusu punda, kuhusu sufu, kuhusu mikono ya Burul, na mwanangu alikuwa darasa la kwanza. Siku yake ya kwanza ya shule imepita na sikuiona. Nani alimsuka? Alivaa nini? Nimekasirika na sioni haya kusema.

Na kwa kuwa umelirudia, nitakujibu.

Mwezi wa pili nilipokuandikia kwamba nina homa, nilikuwa hospitali. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Ilikuwa ya tatu kuharibika tangu Begimai azaliwe. Safari hii damu haikukatika, na ili nisife wakaondoa kizazi. Taalai alinikataza nisikwambie. Alisema utaumia. Nafikiri anakuogopa tu, na nafikiri yeye mwenyewe hajaweza kulitamka.

Sitazaa mwingine, Mama. Hilo ndilo jibu.

Nilipomzaa Begimai nilikuwa na miaka kumi na tisa. Uliniambia mtoto wa kwanza ni wa bibi, mama yangu akaniambia hivyo hivyo, na wanawake wote walioninywesha mchuzi waliniambia nisilie kwani watakuja wengine. Nilikupa kwa moyo safi. Nilikupa mmoja kati ya wengi. Sikujua nakupa wote.

Asylkan


Bishkek, 14 Novemba 1998

Mama mpendwa,

Je, barua yangu ya mwezi uliopita ilifika? Nimeuliza posta, wanasema njia ya mlimani ilifungwa kwa theluji siku chache, kisha ikafunguliwa. Nimemwuliza kila dereva wa huko. Mmoja amesema alikuona kituoni Jalal-Abad ukiwa peke yako na kikapu. Nimeingiwa na hofu. Wewe husafiri lini? Begimai ulimwacha na nani?

Kama nilikuvunjia heshima, nisamehe. Nilikuwa na uchungu. Taalai amesoma nakala niliyobaki nayo, amekaa nje kwenye ngazi mpaka jirani akamwuliza kama amefukuzwa. Tangu siku hiyo hawashi redio.

Nimewaza mengi. Mtoto anakujua wewe. Nikimtoa hapo akalia kila siku, nitakuwa nimepata nini? Basi akae. Gauni nitaligawa. Niandikie tu kwamba nyote mko salama, na nisije nikasikia habari zake kwa Burul tena.

Asylkan wako


Kyzyl-Unkur, 19 Novemba 1998

Asylkan mwanangu,

Tuko salama. Theluji imeanguka mpaka magotini, kuni zipo, unga upo. Barua zako mbili zimefika. Ya pili nimeipata leo asubuhi. Usiligawe gauni.

Ya kwanza ililetwa siku ya kuviringisha sufu. Wanawake wote walikuwa uani kwangu, sufu imetandazwa juu ya mkeka wa matete, maji yanachemka. Nikasema nisome upesi kabla hatujamwaga maji. Nilipomaliza nikaitia kifuani, nikamwaga maji, tukaviringisha, tukafunga kamba. Begimai akapanda punda wake, akaanza kuvuta, na kila mzunguko akipita mbele yangu anapaza sauti, "Mama, nitazame!" Nikamtazama. Machozi yakanitoka. Burul akadhani ni moshi, nikamwacha adhani hivyo.

Mara ngapi nimekwambia uzae mwingine? Sio kwenye barua tu. Kwenye harusi ya binamu yako nilikwambia mbele za watu, nawe ukacheka. Najiona nilivyokuwa nimekaa pale na nyama mkononi. Nisamehe, mwanangu. Sina neno refu zaidi ya hilo. Na mumeo mwambie mama yake si simba. Angekuja akaniambia, ningelia naye.

Nilitaka kukuandikia siku ile ile, nikashindwa. Nilimwacha Begimai kwa Burul nikapanda basi kwenda kwa Ainash. Dereva wako alisema kweli. Ainash alinipokea kama kawaida, "Karibu, wifi, kaa juu, mbali na mlango." Akatandika kitambaa, akaleta chai, asali, kila kitu. Nikamwambia aache hivyo vikombe, akae. Nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza.

"Ulipokuwa mdogo ulijua mimi ni nani?"

"Nilijua. Watoto wa jirani waliniambia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikungoja uje unichukue. Kila vuli mlipopita mkitoka msituni nilikuwa nafunga kifurushi changu cha nguo, naketi getini. Mlikuwa mnanipa jozi, mnapita."

"Nilikatazwa, Ainash."

"Hilo sikulijua, wifi. Mimi nilidhani hukunitaka."

Ana wajukuu sasa. Alisema hivyo huku akinikatia mkate, bila hasira yoyote, na mkate nikaula. Nilipoaga, alinisindikiza mpaka kituoni akanifungia shali shingoni. Nimekuwa nikikwambia sikufa. Sikuwahi kumwuliza yeye.

Niliporudi nilimkalisha Begimai karibu na jiko nikamweleza. Nilisema wazi, bila kuzungusha. Wifi ndiye aliyekuzaa. Akafikiri.

"Basi kaka Taalai ni baba?"

"Ndiye."

"Na wewe?"

"Mimi ni bibi yako."

"Na punda?"

"Punda ni punda."

Akasema sawa, akaenda kumpelekea majani. Nilifikiri kazi imekwisha, nikajisifu kimoyomoyo. Mara nikasikia kutoka zizini, "Mama!" Nikajiambia, Sonunbu, anza leo, usiitike. Azoee. Akaita tena. Nikashika ufagio, nikafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Akaita tena, sasa sauti ikiwa imebadilika. Kisha akaingia ndani mbio, hana kiatu kimoja, uso umelowa, akadhani nimekufa. Nimemkumbatia mpaka akalala. Kwa hiyo hilo limenishinda, mwanangu. Kumzoesha kuniita jina jingine, utafanya wewe. Mimi sina moyo huo.

Njoo umchukue kabla njia haijafungwa kabisa. Njoo wewe mwenyewe. Usimtume mumeo peke yake, ataondoka na ndoo ya viazi. Nimemwambia mwalimu, amekubali. Siku ya kwanza ya shule nilimsuka mimi, misuko miwili, alivaa gauni la bluu lenye kola ya kufuma. Hakulia. Alipofika mlangoni mwa darasa aligeuka mara moja tu.

Nguo za baridi nimefungasha.

Sonunbu


Bishkek, 25 Novemba 1998

Mama yangu,

Salamu za mapenzi. Barua yako imefika mchana huu. Nimeomba ruhusa karakana, na Taalai amepata lori la rafiki yake linalokuja Jalal-Abad kupakia jozi. Tunaondoka kesho kutwa, sote wawili. Taalai anasema umtayarishie chai, safari hii ataongea kabla haijapoa.

Chumba ni kidogo, lakini nimepima, kitanda cha tatu kinaingia tukisogeza cherehani dirishani. Hicho ni chako. Kaa nasi mpaka theluji iyeyuke, na Burul nitamlipa kwa dawa ya mgongo akutazamie ng'ombe. Ukikataa sitakulazimisha. Ila kila vuli atarudi kwako kuokota jozi, na mwalimu wa huku aseme atakalo.

Barua hii nampa dereva wa basi la kesho, ili itutangulie. Sikuweza kungoja nifike ndipo niseme.

Mwitikie, Mama. Akikuita kutoka zizini, mwitikie mara ya kwanza, asiite ya pili. Usimzoeshe kitu. Amekuwa na mama miaka saba, na mimi siji kumtia mtoto ukiwa. Mimi aniite wifi. Aniite hivyo mbele ya mwalimu, mbele ya jirani, mpaka awe na wajukuu. Akiita nitaitika.

Asylkan